Zana za Aliyetangulia

Siku Dibaji alipoiona tezo ya kuchongea mbao imetundikwa ukutani na kuwashiwa taa yake peke yake, kama mgonjwa wa wodi ya daraja la kwanza, alijua kwamba riziki haina adabu: humfuata mtu hadi pale alipokaa.

Alikuwa amekaa kwenye sebule ya hoteli mpya, akinywa maji ya bure na kusoma gazeti la bure. Hakuwa mgeni wa hoteli ile, lakini alikuwa na suti moja nzuri, na namna ya kukunja mguu iliyowafanya wahudumu waogope kumuuliza namba ya chumba. Jina la Dibaji alipewa na watu aliowahi kuwaliza, kwa kuwa hakuna jambo aliloanza bila utangulizi. Akitaka kukuuzia kiwanja cha watu, alianza kwa kukuuliza afya yako. Akitaka kukuuzia dawa ya panya, ambayo ilikuwa majivu matupu, alianza na maisha ya panya tangu azaliwe. Ukija kushtuka, utangulizi umekwisha na mfuko wako nao umekwisha.

Chini ya tezo alisimama mwenye hoteli, mtu mfupi mnene aliyejulikana mjini kama Tajiri wa Vigae, maana ndivyo alivyoanza. Alikuwa akiwaeleza wageni wawili bei aliyoinunulia tezo ile. Dibaji alipoisikia bei, maji yalimpalia. Chuma kimeliwa na kutu, mpini umepasuka, chombo hakiwezi kuchonga hata sabuni, na mtu amekitolea fedha za kununulia ng'ombe watatu na ndama wao.

Akatega sikio. Kwa dakika kumi alijifunza mambo ambayo wengine wangeyasomea chuo. Alijua kwamba Tajiri wa Vigae hakuvipenda vitu vya kale hata kidogo, ila hoteli ya ng'ambo ya barabara ilikuwa na ngoma ya kale, na yeye hakupata usingizi kwa ajili ya ngoma ile. Alijua pia kwamba sasa anatafuta seti kamili ya zana za bingwa mmoja wa kuchonga, aiweke kwenye kabati la kioo, halafu aje aiuze kwa mgeni wa mbali mara kumi ya bei. Raha ya biashara hii, alisema Tajiri huku akicheka, ni kwamba wenye vitu hawa hawajui thamani yake. Yeye alikuwa akitafuta mjinga mmoja tu mwenye sanduku.

Dibaji naye alikuwa akitafuta mjinga mmoja tu. Tofauti yao ilikuwa vigae.

Kesho yake asubuhi alishuka mtaa wa wachongaji. Alidhani atarudi na gunia. Akakuta kwamba mchongaji hauzi zana yake, kama vile wewe usivyouza meno yako wakati bado unakula. Mmoja alimcheka, mwingine alimfukuza, wa tatu akampa kigoda akae, akamsimulia jinsi patasi yake ilivyompatia mke, halafu hakumuuzia kitu. Lakini huyo wa tatu alimwelekeza: apite nyuma ya kinu cha unga, aulize nyumba ya Mama Pole. Pale kuna sanduku zima. Mwenyewe hajachonga miaka sita sasa.

Mama Pole alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, na kwa sababu neno pole lilimtoka mdomoni kama watu wengine wanavyopumua. Alikuwa na umri wa kumzaa Dibaji, kama Dibaji angechelewa kidogo kuzaliwa. Akamkaribisha, akampa maji, akasikiliza utangulizi wote bila kuacha kuchambua. Utangulizi wa siku hiyo ulihusu watoto yatima. Kulikuwa na kamati, alisema Dibaji, na yeye alikuwa katibu wake. Kamati inakusanya vyuma chakavu mjini, inaviyeyusha, inatengeneza geti la shule ya yatima, ili watoto wasitoke ovyo barabarani wakagongwa.

"Jambo jema," alisema Mama Pole. Akainuka, akampeleka kwenye kibanda cha nyuma.

Bati la kibanda lilikuwa limetoboka, na jua lilichungulia kwa matundu saba au manane. Chini ya matundu hayo, mahali hasa mvua ilipochagua kushukia, lilikaa sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na zana kumi na mbili: patasi tano, kubwa kwa ndogo, bobari tano, zile patasi zenye mdomo uliopinda kama kucha, na tezo mbili. Zote zilikuwa nyekundu kwa kutu. Mipini mingine imeoza, mingine mchwa wamekwisha kula wakaondoka. Dibaji alihisi moyo wake unapiga ngoma, akauambia utulie. Akaweka uso wa mtu anayetazama takataka kwa huruma.

"Na mwenyewe yuko wapi, mama?"

Mama Pole alitazama upande wa mjini, akatikisa kichwa taratibu. "Mwenyewe ametangulia, mwanangu."

Dibaji akavua kofia. Akainamisha kichwa kwa muda unaostahili marehemu wa daraja la kati, kisha akakiinua na kusema kwamba mbele yake nyuma yetu, na kwamba hakuna sadaka itakayomfaa marehemu kuliko geti. Mama Pole alikubali kwamba geti ni sadaka nzuri. Akauliza, kwa hiyo vyuma hivi mtaviyeyusha kabisa? Dibaji akamhakikishia kwamba vitayeyuka vyote, hata alama haitabaki. Mama akauliza tena, kama mtu mgumu wa kuelewa, na Dibaji akamhakikishia tena.

Kuhusu malipo, mama hakutaka fedha. Fedha za zana za mtu, alisema, zinaunguza. Ila kama kamati ingeweza kumpatia mabati mawili mapya ya kibanda hiki, angeshukuru, maana kilikuwa kinavuja. Dibaji alitaka kucheka akajikohoza. Mabati mawili! Mchana uleule aliyaleta kwa mkokoteni. Na kwa kuwa mtu akishamla mwenzake huona aibu kidogo na kutaka kumtendea wema, akapanda juu mwenyewe kuyapigilia. Mama Pole alimshikia ngazi. Kila Dibaji alipojigonga kidole, sauti ilitoka chini: "Pole, mwanangu." Alijigonga mara nne.

Akaondoka na sanduku begani, akipiga mluzi. Alikuwa amemtapeli mjane, na mjane amemwombea baraka.

Sasa kulikuwa na tatizo moja dogo. Tezo ya hotelini ilikuwa mbovu, lakini ilikuwa moja, na kitu kimoja kibovu huitwa cha kale. Vitu kumi na viwili vibovu huitwa chuma chakavu. Ili Tajiri wa Vigae aamini kwamba hizi ni zana za bingwa, zilitakiwa zionekane kama bingwa ameziweka chini jana jioni. Dibaji akaenda kwa Bi Cheche.

Bi Cheche alikuwa mwanamke mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyenoa visu vya wauza nyama, mikasi ya mafundi cherehani na majembe ya yeyote aliyekuwa na jembe. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye jiwe la kunolea la duara, unalolizungusha kwa kukanyaga pedali. Ukutani alipanga tupa zake kwa urefu, na ole wake mtu azipange vingine. Dibaji alimwambia kwamba yeye ni mchongaji kutoka mji wa mbali, zana zake ziliangukia mtoni, na amepata kazi kubwa ya kuanza mwezi huu.

Bi Cheche alichukua bobari moja, akaigeuza, akakwangua mkia wake wa chuma kwa ukucha. Akaitazama kwa muda. Akamtazama Dibaji kwa muda. Kisha akataja ujira ambao Dibaji hakuwa nao.

"Basi utafanya kazi," alisema Bi Cheche. "Mchongaji gani anayeletewa zana zake tayari kama chai? Vua koti."

Ndivyo Dibaji, ambaye, ukiacha yale mabati mawili, hakuwahi kufanya kazi ya mikono tangu alipofukuzwa shule kwa kuuza chaki za shule, alivyojikuta kila siku saa mbili asubuhi akikanyaga pedali. Walianza kwa kuziloweka zana kwenye ndoo ya siki usiku kucha. Siku ya pili wakazisugua kwa brashi ya waya, na kutu ikatoka kama chai iliyokolea. Chini yake kilijitokeza chuma cheusi chenye madoa, kigumu, cha aina ambayo, alisema Bi Cheche, siku hizi watu hawafui tena kwa sababu hawana subira. Dibaji alipendekeza waishie hapo. Madoa yalikuwa mazuri, yalileta uzee. Bi Cheche akamwambia kwamba zana isiyokata ni kijiko, na yeye hapakui ubwabwa.

Kwa hiyo wakanoa. Siku ya tatu Dibaji alibonyeza patasi kwenye jiwe kwa pupa hadi ncha ikageuka rangi ya buluu, na Bi Cheche akampokonya kama mama anayempokonya mtoto wembe. Chuma kikienda buluu kimekufa, alimweleza, ugumu wake umekwisha. Lazima ukitumbukize kwenye maji kila unapohesabu tatu. Ikabidi waikate ncha ile yote na kuanza upya. Siku ya nne malengelenge yake yalipasuka. Siku ya tano alijifunza kunoa bobari, kazi isiyotaka nguvu wala ujanja: unaizungusha kwenye jiwe la mafuta, bega hadi bega, kama unavyomgeuza mtoto aliyelala. Akainoa moja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Akaisugua kwenye mkanda wa ngozi. Bi Cheche akampa kipande cha ubao laini, akate kuvuka nyuzi zake, na bobari ikapita bila sauti, ikaacha njia inayong'aa kama imepakwa mafuta.

Dibaji alikitazama kile kipande cha ubao kwa muda mrefu. Akakitia mfukoni. Hakujua kwa nini.

Mipini walitengeneza kwa mti wa mpera, na pete za kuzuia mipini isipasuke walizikata kwenye bomba kuukuu; mikia ya chuma Bi Cheche aliisugua na kuipachika mipini peke yake, Dibaji hakuruhusiwa kuigusa. Kila jioni Bi Cheche alifunga zana ndani ya kabati na kuweka funguo kifuani, akisema mtaa una wezi. Dibaji alikubaliana naye kabisa kuhusu mtaa. Siku ya tisa alikabidhiwa zana zote kumi na mbili zimefungwa kwenye kitambaa, zikiwa kali hata zilikata kitambaa mara mbili njiani. Bi Cheche alimtakia kazi njema. Alisema pia kwamba kwa mchongaji, Dibaji anajifunza haraka sana kunoa, na Dibaji hakulitilia maanani neno hilo, kwa kuwa alikuwa ameshafika hotelini katika fikra zake.

Tajiri wa Vigae alimpokea ofisini, mlango umefungwa. Utangulizi wa siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko wote, na wataalamu wa mambo haya, kama wapo, wangeuweka kwenye kumbukumbu. Ulimhusu babu yake Dibaji, mzaa mama, aliyechonga milango saba katika maisha yake, na mlango wa saba akaukamilisha akiwa kipofu, kwa kupapasa. Alifariki miaka arobaini iliyopita. Kabla ya kukata roho alimwita mjukuu wake, akamwekea mkono kichwani, akamwambia zana hizi zisitoke nje ya ukoo. Tangu siku hiyo hazijatoka. Dibaji mwenyewe amekuwa akizipaka mafuta kila Ijumaa kwa miaka arobaini. Ila sasa mke wake anaumwa.

Tajiri alipangusa jicho, kwa sababu alikuwa na mafua, na akaanza kuzikagua zana. Alizipenda. Kama kawaida ya watu wenye tamaa, alitaja bei ya kumwonea mtu ambaye mke wake anaumwa, na hata hiyo bei ya uonevu ilitosha kumweka Dibaji mwaka mzima bila kumdanganya mtu. Wakavutana kidogo kwa heshima. Wakakubaliana.

"Ila sizinunui hivi hivi, bwana," alisema Tajiri. "Nina mchongaji wangu, atanichongea mlango mkubwa wa mbele. Ni mtu anayejua. Akisema ni za kweli, unaondoka na fedha zako sasa hivi."

Dibaji hakutishika. Zana zilikuwa za kale kweli. Hilo ndilo jambo pekee katika hadithi yake ambalo halikuwa uongo, na alijivunia. Akasema aitwe huyo fundi, tena aitwe haraka.

Akaingia mtu mrefu sana, aliyeinama kidogo mlangoni kwa mazoea, penseli sikioni na futi ya kamba mkononi. Akasalimia. Tajiri akamweleza habari za babu, milango saba, upofu na Ijumaa. Mtu mrefu akasikiliza hadi mwisho. Akachukua bobari moja, ileile iliyonolewa hadi adhuhuri, akaupitisha mdomo wa chuma juu ya ukucha wa kidole gumba. Akakuna kidevu.

Akamuuliza Dibaji, kwa upole, kama marehemu babu alikuwa na desturi ya kuweka alama kwenye zana zake. Dibaji akajibu kwamba babu alikuwa mnyenyekevu. Hakuweka alama popote.

"Baba yangu hakuwa mnyenyekevu," alisema mchongaji. "Aliweka mikato mitatu na kiduara, kwenye mkia wa chuma, pale panapofichwa na mpini. Alisema mwizi huangalia nje tu."

Tajiri wa Vigae akasema mpini ugongwe utoke. Mchongaji akagonga mara mbili kwenye ukingo wa meza, mpini wa mpera ukachomoka, na pale chini ya pete pakaonekana mikato mitatu na kiduara. Tajiri akataka ugongwe mwingine. Ukagongwa. Mikato mitatu na kiduara. Wa tatu Dibaji mwenyewe aliomba usigongwe, kwa sababu aliukata yeye na ulimchukua siku nzima.

Msomaji atajiuliza kwa nini hakusema ukweli. Alitaka. Ukweli ulimfika hadi kwenye fizi. Lakini angesemaje? Kwamba siku kumi zilizopita alizinunua kwa mke wa mtu huyu, marehemu aliyemvulia kofia? Basi babu yuko wapi, na Ijumaa za miaka arobaini ziko wapi? Na hata kama angemtupa babu, ilibidi aeleze kwamba alizichukua kwa jina la yatima na geti. Kila mlango alioufungua ulikuwa na uongo wake mwenyewe umesimama ndani, umemkunjia mikono. Akajaribu kusema kwamba huenda babu yake na baba wa fundi walikuwa marafiki, wakaazimana.

"Baba yangu hakuwa na rafiki," alisema mchongaji. "Alikuwa na hasira."

Tajiri wa Vigae akanyanyua simu kuita polisi. Mwizi, alisema, ameingia hotelini kwake kumuuzia mali ya fundi wake mwenyewe. Hapo mchongaji akamwekea mkono begani, akamwomba amsamehe kijana. Mali imerudi, tena imerudi ikiwa na hali nzuri kuliko ilivyotoka, na yeye anataka kuanza mlango leo, si kwenda kukaa kituoni kuandika maelezo. Tajiri, ambaye alikuwa amekwisha kumwambia mchongaji kwamba asipoanza mwezi huu kazi ataipa watu wa mashine, akashusha simu. Kisha, kwa kuwa tamaa haichoki, akauliza kama fundi angependa kuziuza zana zile baada ya mlango kukamilika. Mchongaji akasema hapana. Tajiri akakaa chini akiwa mtu aliyepoteza kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, maumivu ambayo hayana dawa.

Dibaji alikuwa anajikusanya atoke mchongaji alipomwita. Alikuwa bado ameshika ile bobari.

"Hii nani ameinoa?"

"Mimi," alisema Dibaji.

Alishangaa jinsi neno lilivyotoka bila utangulizi wowote. Mchongaji aliitazama tena ncha ile kwenye mwanga wa dirisha, akasema imenolewa vizuri, akatoka nayo. Dibaji akateremka ngazi za hoteli akiwa na hasira, na hasira yake kubwa ilikuwa kwamba sifa ile ilimfurahisha.

Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kinu cha unga. Njiani alipanga maneno makali, ya kisheria. Akamkuta Mama Pole uani, leo anashona kifungo cha shati refu la kiume, refu kuliko mashati ya watu wa kawaida. Kibanda kilikuwa kikavu na kimefagiwa. Meza ya kuchongea imetolewa nje na kupigwa maji.

Dibaji akamwambia kwamba amemtapeli. Alilisema neno lenyewe, na lilikuwa na ladha ngeni mdomoni mwake, kwa kuwa alizoea kulisikia, si kulitamka.

Mama Pole akamwonyesha kigoda akae. "Mimi nimekudanganya wapi, mwanangu?"

"Uliniambia mwenyewe amefariki."

"Nilisema ametangulia. Alikuwa ametangulia mjini kupima mlango. Kofia ulivua mwenyewe."

Dibaji akajaribu upande mwingine: alinunua zana kwa mabati mawili, na sasa hana zana. Mama Pole alimsikiliza kwa huruma ya kweli. Akamkumbusha kwamba yeye aliuza vyuma chakavu vya kuyeyushwa, akauliza mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa vitayeyuka hata alama isibaki. Kama vimeyeyuka, amlaumu nani? Akaulizie kwenye geti la yatima. Na kama anataka mabati yake, yapo, hayajaenda popote; ngazi ile pale, apande ayabandue. Ila baba anarudi saa kumi, na hapendi kukuta mtu juu ya paa lake.

Kisha, kwa kuwa hakuwa na ubaya, alimweleza mengine. Mume wake alibebeshwa magunia kinuni miaka sita, baada ya watu kuacha kununua milango ya kuchongwa. Kazi ya hotelini ilipotokea, aliikubali kwanza ndipo akaenda kufungua sanduku, na siku hiyo alikaa kwenye kibanda kuanzia asubuhi hadi jioni bila kusema neno. Hawakuwa na cha kulipia matengenezo. Juma lile jibu likaingia kwa geti la uani likiwa na suti, likamwita mama, likaanza habari za yatima. Mama Pole alijua mjini kuna mtu mmoja tu anayenunua tezo mbovu na kuiwashia taa, maana mume wake alikuwa amemsimulia na kucheka. Hivyo alijua zana zitakapoishia. Na Bi Cheche je? Bi Cheche aliitambua alama kwenye mkia siku ya kwanza, tena alisoma na dada yake Mama Pole. Walionana kila jioni kwenye genge la nyanya, na Mama Pole akawa anapata habari: leo wamesugua, leo ameunguza moja, leo kijana ametoka malengelenge.

"Nikakusikitikia sana," alisema. "Pole."

Dibaji alitaka kukasirika, akatafuta hasira yake akaikosa. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo, hadi akashika magoti. Katika kazi yake alikuwa amekutana na matapeli wengi, wenye magari na wenye mihuri, lakini hakuwahi kukutana na mtu aliyemezesha mwenzake ndoano, akamfanya apigilie paa, anoe zana, atengeneze mipini, kisha azipeleke mwenyewe hadi mikononi mwa mwenye mali. Na yote hayo bila kusema uongo hata mmoja. Akamwambia Mama Pole kwamba ana kipaji. Mama Pole akasema yeye ni mama wa nyumbani tu, akakata uzi kwa meno.

Alipoinuka kuaga, mama alimwambia asubiri kidogo. Kulikuwa na jambo alitaka kumshauri. Shemeji yake, mdogo wa mume wake, alikuwa seremala. Naye ana randa saba kwenye stoo, za zamani, za mbao ngumu, na paa la stoo limetoboka vibaya.

Dibaji alisimama na kofia mkononi. "Zina kutu?"

"Hadi huruma."

"Na huyo shemeji yuko wapi?"

Mama Pole alitazama upande wa mjini, akatikisa kichwa taratibu.

Dibaji akavaa kofia yake. Akasema atafikiria, akamtakia mchana mwema yeye na baba, akatoka, akalifunga geti polepole ili lisipige kelele, kama mtu anayetoka nyumbani kwa mwalimu wake.